Mgonjwa Asiyeweza Kujigeuza

Vitabu vingi vya uuguzi huweka magonjwa ya ubongo na neva katika sura moja, magonjwa ya mifupa, viungo na misuli katika sura nyingine, na katikati hupanga figo, homoni na ngozi. Mwanafunzi husoma kiharusi muhula huu, mivunjiko muhula ujao, na akijitahidi hufaulu mitihani yote miwili. Halafu anapangiwa wodi, na mgonjwa wa kwanza anayekabidhiwa ni kijana wa bodaboda: paja limevunjika, kichwa kimegonga lami, na shingo hakuna aliyeipima bado. Huyu ni wa sura ipi?

Taasisi ya mifupa ya Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa mwaka 1996, imekwisha kulijibu swali hilo kwa vitendo. Jina lake la Kiingereza linataja mifupa tu, lakini upasuaji wa ubongo, mgongo na mishipa ya fahamu hufanyika humo humo, kwa sababu ajali ya barabarani haichagui mfumo mmoja wa mwili. Kuzitenganisha sura hizo kuna maana kwa daktari anayeamua apasue wapi. Kwa muuguzi naona kuna hasara kuliko faida. Anayemhudumia, awe amepooza kwa damu iliyovuja kichwani au amelazwa na chuma pajani, ni mtu asiyeweza kusogea, au asiyehisi, au asiyeweza kueleza kinachomsumbua, na wakati mwingine ni yote matatu. Na wengi wa watu hao wakifa, hawauawi na kile kilichowaleta hospitali.

Kabla ya kufika huko kuna swali ambalo mwanafunzi hana budi kulizoea: tatizo liko wapi? Mtu akitaka kusogeza dole gumba la mguu, amri hutoka kwenye ubongo, hushuka kwa ugwe wa mgongo, yaani ule mshipa mkuu wa fahamu upitao ndani ya pingili, hutoka kwa neva ya pembeni, huruka pale neva inapokutana na msuli, msuli hujikunja, mfupa hufuata. Njia hiyo ikikatika popote mgonjwa atasema neno lile lile: “Siwezi kusimama.” Lakini mwili hausemi lile lile. Njia ikiharibika juu, kwenye ubongo au ndani ya ugwe, misuli hukakamaa, rifleksi za goti huruka kupita kiasi, na nyama za mguu hazikondi haraka. Ikiharibika chini, kwenye neva yenyewe au kwenye chembe za ugwe zinazoizaa, mguu hulegea, rifleksi hupotea, na baada ya wiki chache paja huwa jembamba kuliko la pili. Na kama ni mfupa au kiungo, nguvu mara nyingi zipo. Maumivu ndiyo yanayozizuia.

Kwa Afrika Mashariki na Kongo mfano bora wa tofauti hiyo ni konzo na polio. Konzo ilielezwa na Giovanni Trolli mwaka 1938 katika eneo la Kwango, Kongo. Mwaka 1985 ilizuka Tarime, mkoani Mara, ambako ilichunguzwa na William Howlett, daktari wa magonjwa ya neva aliyefanya kazi hospitali ya KCMC, Moshi. Huwapata watu wanaokula mihogo michungu isiyolowekwa na kukaushwa vya kutosha, hasa ukame au njaa inapowabana, huku chakula chao kikiwa hakina protini ya kuusaidia mwili kuitoa sianidi iliyo katika mihogo hiyo. Mtoto au mama aliyelala mzima huamka miguu yote miwili imekakamaa, au huanguka akiwa njiani na kuni. Hisia zake zipo, mkojo anauzuia, na ugonjwa hauzidi baada ya siku zile za mwanzo, ila hauponi. Atatembea akipishanisha miguu kama mkasi, juu ya vidole, kwa fimbo moja au mbili. Polio ni kinyume chake: homa kwanza, kisha mguu mmoja, au mmoja kuzidi mwingine, unalegea.

Mwanafunzi anaweza kuuliza tofauti hii inamhusu nini wakati zote mbili hazina dawa ya kuziponya. Inamhusu sana. Mtoto yeyote wa chini ya miaka 15 aliyelegea kiungo ghafla ni wa kutolewa taarifa siku hiyo hiyo, na kuchukuliwa sampuli mbili za kinyesi zinazopishana angalau saa 24, ndani ya siku 14 tangu alipolegea, zihifadhiwe kwenye baridi. Haijalishi kama unadhani ni polio au la. Afrika ilitangazwa kuwa haina tena polio ya virusi vya porini Agosti 2020. Februari 2022 Malawi ikatangaza mgonjwa, na 2023 Burundi ikapata virusi vya aina ile inayotokana na chanjo. Mlolongo huo wote huanza na mtu mmoja aliyeushika mguu wa mtoto akauona umelegea, na mara nyingi mtu huyo ni muuguzi wa zahanati. Konzo nayo haiishii kwa mgonjwa. Ukiipata moja, kijiji kizima kinahitaji kuulizwa mihogo yake inalowekwa siku ngapi.

Kanuni ile ya kukakamaa na kulegea ina mtego. Mtu aliyekatika ugwe wa mgongo leo asubuhi atakuwa amelegea, ingawa jeraha lake ni la juu. Ugwe umepigwa bumbuwazi, na kukakamaa kutakuja baada ya siku au wiki. Mtego wa pili ni hatari zaidi. Majeruhi aliyepoteza damu presha yake hushuka na mapigo hukimbia. Aliyeumia ugwe sehemu ya juu presha hushuka vile vile, lakini mapigo yanakwenda taratibu na miguu ina joto. Hapo maji ya dripu peke yake hayatatosha, na ukiyamimina bila kipimo unaweza kuyajaza mapafu. Lakini usiharakishe kuhitimisha kwamba ni mgongo; tafuta damu kwanza, maana paja lililovunjika linaweza kuficha lita moja au zaidi bila tone kuonekana sakafuni.

Ugonjwa unaozivunja kabisa zile sura mbili ni kifua kikuu cha mgongo. Percivall Pott, daktari wa upasuaji wa London, alieleza mwaka 1779 uhusiano wa kibiongo na miguu kupooza, miaka mia moja na zaidi kabla ya kijidudu chenyewe kugunduliwa. Kijidudu hula pingili mbili zinazopakana, pingili huporomoka kwa mbele, mgongo hupinda, usaha hukusanyika na kuubana ugwe. Mgonjwa amekuwa akilalamika mgongo kwa miezi. Amepewa diclofenac mara nyingi, ameambiwa apunguze kubeba ndoo, pengine amechanjwa chale. Amekonda, anatoka jasho usiku, na hakuna aliyemuuliza kuhusu kikohozi nyumbani kwake. Akija sasa anasema miguu imekuwa mizito. Ugonjwa ni wa mfupa, kilio ni cha neva, na dawa zake zinatolewa kliniki ya TB bila malipo. Wengi wakianza dawa mapema hurudi kutembea. Kwa hiyo maumivu ya mgongo, ambayo ni malalamiko ya kawaida mno kwenye foleni ya wagonjwa wa nje, yawe na maswali yake yasiyorukwa: miguu ina nguvu? mkojo na haja kubwa unavizuia? sehemu unayokalia ina ganzi? Likipatikana jibu baya katika hayo, mgonjwa huyo hapangiwi kliniki ya mwezi ujao. Anaonwa na daktari siku hiyo.

Seli mundu nayo huzivunja sura hizo mbili, kwa njia ya damu. Mtoto yule yule anaweza kuja mara moja na mifupa inayouma hadi analia, mara nyingine na usaha ndani ya mfupa, na mara ya tatu na kiharusi, akiwa na miaka saba. Mzazi aliyezoea maumivu ya mifupa ya mwanawe anaweza kudhani mkono uliolegea nao ni maumivu tu.

Baada ya kujua wapi, kazi inayobaki ni ya saa. Mwaka 1974 Graham Teasdale na Bryan Jennett walichapisha kipimo cha fahamu walichokibuni Glasgow, ambacho sasa huhesabiwa hivi: macho alama 4, kauli 5, mwendo wa viungo 6, mzima kabisa 15, na hakuna anayeshuka chini ya 3. Wanafunzi hukariri jedwali lake vizuri. Wanachokikosa ni kwamba namba moja haisemi mengi. Anayepewa 10 saa nne asubuhi na 10 saa kumi jioni ana habari njema kuliko aliyekuwa 15 na sasa ni 13. Ndiyo maana sehemu tatu huandikwa kila moja peke yake, na wanaokabidhiana zamu wampime mgonjwa pamoja, maana “anaitika kidogo” ya mmoja si ya mwenzake. Kwa watoto wasiojua kusema kuna kipimo kilichozaliwa Malawi kwa ajili ya malaria kali, cha Blantyre, ambacho alama yake ya juu ni 5. Ukimpa mtoto 5 ya Blantyre na mwenzako akaisoma kama 5 ya Glasgow, utaona wodi inavyokimbia.

Mgonjwa wa kuogopwa ni yule aliyeanguka na pikipiki, akazimia kidogo, akaamka, akazungumza, akaomba simu yake, kisha akalala. Ana harufu ya pombe, kwa hiyo inaandikwa kwamba amelewa. Ndani ya fuvu mshipa unavuja. Mboni moja ikipanuka na kuacha kuitika tochi, presha ikapanda, mapigo yakapungua na pumzi ikawa ya kuruka ruka, dalili hizo zimo kwenye kila kitabu, na zote ni za kuchelewa. Muuguzi anayezisubiri ili awe na uhakika amesubiri mno. Kilichotakiwa kumpeleka kwenye simu ni kule kulala. Na kila aliyepoteza fahamu au kupooza ghafla apimwe sukari kabla ya jambo lingine. Sukari ikishuka inaweza kuigiza kiharusi kwa ustadi wa kutisha, na tiba yake iko kwenye kabati la wodi.

Mguu nao una saa yake. Misuli ya mkono na ya mguu wa chini imo ndani ya ala ngumu zisizotanuka. Mfupa ukivunjika, damu na uvimbe hujaa ndani ya ala hiyo, shinikizo hupanda, na misuli na neva hukosa damu. Baada ya saa sita hivi misuli huanza kufa kwa namna isiyorudi, na mkono ulionusurika kukatwa hubaki umejikunja kama kucha za mwewe, jambo ambalo Richard von Volkmann aliliandika mwaka 1881. Dalili ya mapema ni maumivu yasiyolingana na jeraha, yanayozidi vidole vinapovutwa taratibu na mtu mwingine, na yasiyotulizwa na sindano. Ganzi hufuata. Mapigo kwenye unyayo huweza kuwepo hadi mwisho, na hapo ndipo watu wengi hudanganyika: wanaugusa mguu, wanaona una joto na mshipa unapiga, wanaandika kwamba hali ni nzuri. Mgonjwa anayeomba sindano ya tatu usiku huitwa msumbufu. Muuguzi anayejua kazi yake huipasua plasta ngumu, lile hogo kama wanavyoliita mtaani, pamoja na pamba na bandeji zote hadi ngozi ionekane, huuweka mguu usawa wa moyo bila kuuinua zaidi, na humwamsha daktari. Daktari akikasirika kwa kuamshwa, ni saa zake za kazi.

Hapa waunga mifupa wa kienyeji hutajwa kwa lawama, na baadhi ya lawama ni za haki: banzi za mianzi zilizokazwa sana zimewagharimu watoto mikono. Lakini mtu huenda kwao kwa sababu wako karibu, wanaeleweka, na hospitali kubwa ina foleni na gharama. Ndugu akikaripiwa mapokezini, mara nyingine atachelewa zaidi. Na plasta iliyokazwa hospitalini huua mguu vile vile.

Kuhusu kiharusi, utafiti uliofanyika wilayani Hai na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006 ulionyesha, baada ya kusawazisha umri, wagonjwa wapya wapatao 109 kwa mwaka katika kila watu 100,000 Hai, na karibu 316 Dar es Salaam. Presha isiyotibiwa ndiyo mshukiwa mkuu. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ina mlango wa saa nne na nusu na inadai picha ya CT kwanza, kwa hiyo kwa wagonjwa wengi wa kanda hii mlango huo hufungwa wakiwa bado njiani. Naona mafunzo yetu yanautumia muda mwingi mno kwenye dawa hiyo na mchache mno kwenye kijiko cha maji. Mtu aliyepooza upande mmoja asipewe uji, chai wala kidonge kabla ya kukalishwa wima na kujaribiwa kumeza kidogo kidogo. Akikohoa au sauti yake ikawa na maji, asile kwa mdomo. Akipaliwa, chakula huingia mapafuni, na nimonia itamaliza kazi iliyoanzwa na kiharusi. Ndugu wanaotoka nyumbani na chupa ya uji wanahitaji kuelezwa hili kwa upole, tena kila siku, kwa kuwa anayeleta chakula leo siye aliyekileta jana.

Mgonjwa huyo huyo hupata pia ugonjwa wa mifupa ambao tunamtengenezea wenyewe. Bega la upande uliopooza halina misuli ya kulishikilia. Akivutwa kwa mkono huo, au kubebwa kwa makwapa kama mtoto, bega huteguka kidogo kidogo, na miezi mitatu baadaye mkono uliokuwa unarudi hauwezi kufanyishwa mazoezi kwa maumivu. Kifafa nacho kina la kwake: degedege kubwa huweza kulisukuma bega nyuma likateguka, na kwa kuwa picha ya kawaida ya mbele haionyeshi vizuri, jeraha hilo hupita bila kuonekana. Mahenge, ambako daktari Louise Jilek-Aall alianza kuwatibu wenye kifafa zaidi ya miongo sita iliyopita, alikuta watu wenye makovu makubwa ya moto. Walikuwa wameanguka jikoni na wengine wakiogopa kuwagusa kwa sababu ya povu. Wodini povu haliogopwi tena, lakini kijiko bado kinasukumwa kati ya meno, na huvunja meno tu. Mlaze ubavu, angalia saa, na ikipita dakika 5 hiyo ni dharura ya diazepam.

Sasa kitandani. Hadi Vita vya Pili vya Dunia, askari aliyevunjika mgongo alihesabiwa kuwa maiti inayosubiri. Vidonda na maambukizi ya mkojo vilimmaliza kwa miezi au miaka michache. Mwaka 1944 Ludwig Guttmann, daktari Myahudi aliyeikimbia Ujerumani, alipewa wodi ya wagonjwa hao huko Stoke Mandeville, Uingereza. Hakuwa na dawa mpya ya ugwe. Alidai wageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, kibofu kitunzwe, na kila mmoja apewe kazi na mchezo. Tarehe 29 Julai 1948, siku ambayo Olimpiki ya London ilifunguliwa, wagonjwa wake walishindana kulenga mishale; mashindano ya Paralimpiki yalianzia hapo. Sijui tukio jingine katika historia ya tiba linaloonyesha wazi kiasi hicho kwamba uuguzi wenyewe ndio ulikuwa dawa.

Kidonda cha kulalia mara nyingi huanza chini, karibu na mfupa, kabla ngozi haijatoboka. Wekundu usiofifia ukibonyezwa ndiyo onyo, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani kama picha za vitabu vya ng’ambo zinavyoonyesha. Tumia mkono: tafuta joto, ugumu, au ulaini usiolingana na ngozi ya pembeni, kwenye kiuno cha nyuma, nyonga na visigino. Ukiwa peke yako zamu ya usiku na wagonjwa arobaini, saa mbili hazitekelezeki kwa wote. Basi chagua: asiyehisi na asiyesogea aanze, aliyevunjika mguu mmoja anaweza kufundishwa kujinyanyua mwenyewe.

Kwa aliyeumia ugwe kuanzia pingili ya sita ya kifua kwenda juu, kuna hatari ambayo kila mwanafunzi aijue kwa moyo. Kichwa kinampasuka ghafla, uso unatoka jasho, presha imepaa, mapigo yamepungua. Mara nyingi sababu ni mpira wa mkojo uliojikunja chini ya paja. Mkalishe wima, legeza nguo, nyoosha mpira. Presha hiyo inaweza kupasua mshipa wa ubongo, na tiba yake inaweza kuwa sekunde kumi za mtu aliyeangalia chini ya shuka.

Madhara mengine hutoka kwenye sindano yetu. Neva kuu ya mguu hupita kwenye tako, na kwa mtoto mdogo nyama ni kidogo. Vizazi vya watoto Uganda na kwingine vimebaki na unyayo unaoning’inia baada ya sindano za kwinini. Paja la mbele kwa nje ndilo salama kwao. Na mgongo wa muuguzi nao ni wa kuhesabiwa katika somo hili. Anayemwinua mtu mzima peke yake kwa miaka kumi ataishia kwenye foleni ya MOI akiwa upande mwingine wa meza.

Halafu mgonjwa anaruhusiwa. Karatasi yake ina majina ya dawa na tarehe ya kliniki. Haina jina la mtu atakayeamka saa nane za usiku kumgeuza, wala haisemi choo cha nyumbani ni cha kuchuchumaa wakati goti lake halijikunji. Kazi hiyo ya kuuliza hufanywa vizuri zaidi, kwa maoni yangu, katika huduma ya mguu kifundo, yaani unyayo uliopinda tangu kuzaliwa. Njia ya Ignacio Ponseti, aliyefanya kazi Iowa, Marekani, hunyoosha unyayo wa mtoto kwa plasta inayobadilishwa kila wiki, kwa kawaida mara tano hadi saba, na wengi hukatwa kidogo kano ya kisigino. Uganda iliwafundisha wahudumu wa afya wasio madaktari kuifanya, badala ya kusubiri madaktari bingwa. Lakini baada ya plasta kuna viatu vilivyounganishwa kwa chuma, vinavyovaliwa saa 23 kwa siku miezi mitatu ya kwanza, kisha usiku hadi mtoto afike miaka minne au mitano. Miguu inayopinda upya, sababu kubwa ni kuviacha viatu hivyo: mtoto analia, bibi anasema mguu umeshapona, kiatu kimekuwa kidogo na kliniki iko mbali. Muuguzi wa chanjo humwona mtoto huyo mara kadhaa kabla ya mwaka wa pili, na kuuliza viatu viko wapi hakuhitaji kibali cha daktari.